Ufa Shingoni mwa Chapa

Nyumbani, 3 Mei

Mdogo wangu Cheche,

Kama dereva wa lori la maziwa hajaisahau barua hii chini ya kiti, basi umeipata pamoja na gunia, na ndani ya gunia mna chapa mbili za ng'ombe za marehemu baba. Ile ndogo ya namba haina neno, nimeituma kwa sababu zimezoea kwenda pamoja. Ile kubwa yenye alama yetu ndiyo nataka uitazame. Itazame shingoni, pale mpini unapokutana na kichwa. Nimeona mstari mwembamba kama unywele. Inaweza kuwa masizi, inaweza kuwa macho yangu. Siku hizi hata sindano natungiwa uzi na mama.

Bwana mifugo alipita Jumanne. Kasema ndama asiye na chapa hataingia kwenye malisho ya pamoja baada ya mwezi wa sita, kwa kuwa mwaka jana watu watatu waligombania mtamba mmoja mpaka wakafikishana kwa hakimu. Sisi tuna ndama kumi na tisa. Yule mzee jirani aliyekuwa ananishikia lango kila mwaka amehamia kwa binti yake, kwa hiyo safari hii ni mimi na mama. Mama anasema yeye atakaa motoni. Nimemwambia tutaona.

Nakuomba kitu kimoja: ifanye kwa mkono wako. Unakumbuka baba alivyokuwa, mtu akishika chapa yake hata kwa kuisogeza tu, anaangaliwa kama mwizi. Kwa wengine hiki ni chuma tu.

Mama hajambo, anakula vizuri na kugombana na kuku. Mimi ni mzima. Uchovu upo, lakini nani hana?

Dada yako


Karakana, 11 Mei

Dada,

Shikamoo. Gunia limefika, na macho yako bado yanaona. Ulikuwa ufa kweli. Umechimbwa, umechomelewa, ukapigwa tupa mpaka ukalala sawa na chuma kingine. Uso wa chapa nao umesafishwa, maana ulikuwa na magamba ya kutu ambayo yangefanya alama itoke na madoa.

Sasa nisikilize, hata kama unajua. Moto wa kuni kavu, si makaa ya mawe. Chuma kikiwa chekundu bado hakijafaa, hicho kinachimba nyama na kuwasha manyoya. Kikiwa cheusi kimepoa, kitang'ang'ania ngozi na kuichuna. Unataka rangi ya majivu. Ndama awe mkavu; ukipiga chapa kwenye ngozi mbichi, mvuke unamuunguza pasipotakiwa na alama inavurugika. Glavu nazo ziwe kavu. Vaeni viatu vya kufunika, wewe na yeyote atakayekuwa karibu. Mwenye kubeba chapa aseme "Moto!" kila anapoinyanyua, hata kama mko wawili tu na mnaonana. Na mkishaiweka chini, iwekeni mahali pamoja, mipini upande mmoja. Chuma kilichotoka motoni na kilicholala tangu jana rangi yao ni moja.

Swali: mkimaliza, mnaipoozaje? Hamuitumbukizi majini, natumaini. Chuma cha moto kikipata maji ya ghafla kinapasuka kidogokidogo ndani, na hakikwambii. Kiacheni juu ya mawe kipoe chenyewe, kisha kipakeni mafuta kidogo na kukitundika.

Samahani kwa mwandiko. Naandikia gotini, meza imejaa vyuma vya watu. Kazi ni nyingi, namshukuru Mungu. Usihofu juu yangu.

Mdogo wako, Cheche


Nyumbani, 20 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Chapa zimefika. Ile kubwa imekaa vizuri, hata mama kaipitisha kidole shingoni akasema hapaonekani palipouma. Nikamwambia mwanao bado fundi.

Barua yako nimemsomea. Alicheka akasema umegeuka baba mtupu, ila baba alikuwa akisema kwa ukali na wewe unasema kwa kuhesabu. Tutafuata. Kuhusu kupooza, tunaiacha ipoe yenyewe, kama ulivyosema.

Kuni nimeshapasua. Kichochoro cha mbao, kile tunachombania ndama asigeuke, kilikuwa kimelegea nguzo mbili, nimezishindilia. Kazi tutaifanya Jumamosi baada ya ijayo mvua ikitupisha. Nimepanga ndama kumi siku ya kwanza, tisa siku ya pili, nisije nikalala na chuma mkononi.

Nafurahi kusikia kazi ni nyingi. Nikiwa nafunga lango jioni na mgongo unaniuma, huwa najiambia, angalau Cheche yuko mjini na karakana yake, siku nikishindwa kuna pa kwenda. Usicheke. Nakutania.

Ila mwandiko wako, mdogo wangu, unapanda na kushuka kama mlevi. Nunua meza nyingine.

Dada yako


Nyumbani, 2 Juni

Mdogo wangu,

Kazi haikumalizika. Tulipiga ndama saba. Wa nane, chapa ilivunjika pale pale shingoni. Hakuna aliyeumia. Nakurudishia vipande vyote viwili kwenye gunia.

Sitaki kukulaumu kwa barua. Ninachotaka ni uniambie kama ulichomelea kwa haraka. Kama kazi zilikuwa nyingi ungesema, ningesubiri.

Mama anakusalimu.

Dada yako


Karakana, 9 Juni

Dada,

Shikamoo.

Jana dereva wa maziwa alinikuta nimekaa kwenye kigoda nje ya karakana. Alinipa gunia, akauliza, "Mguu wa mama unaendeleaje?"

Nikamuuliza, "Mguu upi?"

Akageuka kurudi kwenye lori. Dereva yule, ambaye mdomo wake hauna komeo, alikuwa anakimbia swali, na hapo ndipo nilipoogopa. Nilimbana mpaka akasema. Kasema alimpeleka mama zahanati ndani ya lori, ameegemea makopo ya maziwa, mguu umefungwa kanga iliyolowa, na wewe umekaa naye nyuma umemshikilia njia nzima.

"Hakuna aliyeumia." Dada, uliandika hivyo kwa kalamu yako. Nimekasirika jana yote. Nilianza kukuandikia barua ya matusi, nikaichana, na sababu ya kuichana ndiyo hii ninayotaka kukwambia sasa.

Ile chapa sikuichomelea mimi.

Soma tena barua yangu ya mwezi wa tano. Nimeandika "umechomelewa", "ukapigwa tupa". Hutaona mahali nimesema nimefanya mimi. Niliona kwamba nikiandika hivyo sitakuwa nimekudanganya. Kazi aliifanya jirani yangu, Fundi Mageti, ambaye ni mtu mwema na mageti yake yanasimama, lakini hajawahi kutengeneza chuma cha kurudi motoni mara ishirini kwa siku. Mimi nilisimama pembeni nikaangalia.

Mkono wangu wa kulia umekufa ganzi tangu mwaka jana. Ulianza vidole viwili, nikawa nasema nimeulalia vibaya. Sasa nyundo inanitoka. Daktari anasema ni mishipa ya fahamu, miaka ishirini ya kugonga chuma imeichosha, na kwamba kwa kupumzika unaweza kurudi kiasi, si wote. Barua hizi naandika kwa mkono wa kushoto. Meza yangu haina hata msumari. Kazi si nyingi. Kazi hakuna.

Sikukwambia kwa kuwa ulikuwa na ng'ombe na mama na mvua. Nilijiambia nijikaze kisabuni mpaka mwisho wa mwaka, na mkono ukikataa kabisa, basi nyumbani kuna ng'ombe, nitarudi, dada yupo, zizi lipo. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nalala.

Sasa niambie mguu wa mama. Niambie wote, usinipunguzie.

Cheche


Nyumbani, 14 Juni

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako nimesimama kwenye lango la zizi. Nilipomaliza nilikaa chini, nikasahau kwamba pale hapakaliki. Pole sana na mkono. Pole, mdogo wangu. Mwaka mzima!

Nitakuambia kama ilivyokuwa.

Moto ulikuwa mzuri, chuma rangi ya majivu, ndama wakavu. Mama hakukaa motoni. Alisema moshi unamliza, akasimama upande wangu kunipokea chapa kubwa na kunipa ya namba. Nilimwambia avae viatu vya kufunika. Akasema vinambana kidole gumba, amevaa ndala miaka yote ya baba na hajawahi kuungua. Nilikuwa nimeshachoka kubishana tangu alfajiri, nikaacha. Hapo ndipo nilipopaswa kubishana.

Ndama wa nane alikuwa yule mweusi mwenye fujo. Nilibandika chapa, nikahesabu, nikaizungusha kidogo ili alama ishike kote. Nilipoivuta nilisikia mkono umekuwa mwepesi. Mpini ulikuja peke yake. Kichwa kilibaki kimeegemea ubavu wa ndama kama kinafikiria, kisha ndama akajitikisa, kikaanguka juu ya mguu wa mama.

Hakupiga kelele. Alisema tu, "Kiondoe." Nilikisukuma kwa mpini. Nikamwinua, nikamtia mguu kwenye maji ya bomba, nikahesabu dakika ishirini bila kumtoa, na yeye akanituma nimfungulie ndama kwanza kwa kuwa bado amebanwa. Nikakataa. Akanituma tena. Nikaenda nikamfungua, nikarudi mbio. Tulifunga kanga ya maji mpaka lori lilipopita.

Daktari wa zahanati anasema umeungua tabaka mbili za ngozi, mfupa haukuguswa. Kila siku ya pili anabadilishiwa bandeji. Anaweza kusimama, hatakiwi kutembea. Hakuwa na homa. Nilikuficha kwa sababu nilijua utaacha kazi uje, na nilidhani kazi ipo.

Sasa langu. Uliniuliza tunaipoozaje, nikajibu tunaiacha ipoe yenyewe. Ni uongo. Miaka sita sasa naitumbukiza kwenye hori la maji. Baba alikuwa akikaa kwenye gogo kusubiri chuma kipoe, anapiga soga na mzee jirani mpaka jua linakwenda. Mimi sina wa kupiga naye soga, na nikimaliza chapa kuna kukamua, kuna kufunga, kuna chakula. Kinalia chuuu, nakitundika, naenda. Nilikuwa naupenda ule mlio. Ulikuwa na maana kwamba siku imekwisha.

Kwa hiyo sijui ni nani kati yetu aliyemuunguza mama. Nimelifikiria mpaka nimelichoka hata hilo.

Na kwa kuwa leo tumeamua kusema, nami niseme. Nimewachoka ng'ombe hawa. Sikutaka uzee unikute humu zizini. Nilikuwa nangoja mama asiwahitaji tena, halafu nije kwako. Kumbe wewe ulikuwa unangoja kuja kwangu. Tungepishana njiani, kila mmoja na begi lake.

Dada yako


Karakana, 22 Juni

Dada,

Shikamoo, na mwambie mama namshika mguu ule mwingine.

Nimevitazama vipande kwenye jua. Chuma kilichovunjika kinasomeka. Ule mvunjiko una rangi mbili. Kuanzia nje kwenda ndani, karibu nusu ya unene, ni nyeusi yenye kutu: huo ni ufa wa zamani, wa miaka kadhaa, kazi ya maji. Nusu iliyobaki inang'aa na ina chembechembe kama chumvi, hiyo imekatika siku ile. Na juu kabisa pana ganda jembamba la kuchomelea, limekaa kama kofia. Fundi Mageti alifunika ufa. Hakuuchimba mpaka mwisho wake. Nilikuwa nimesimama pale, Dada, na niliona kwamba hakufika. Nilijua. Nikasema moyoni, mwaka huu mmoja itavumilia. Ningemwambia achimbe tena, angeniuliza kwa nini sichimbi mwenyewe.

Kwa hiyo usilibebe peke yako. Maji yako yalianza, mdomo wangu uliofungwa ukamalizia. Nimemwonyesha Fundi Mageti. Aligeuza kile kipande mara nyingi, akasema, "Ungeniambia tu." Jana alikuja na kazi ya mtu, ndoano ya kunyanyulia injini, akaniomba niikague kabla hajaitoa. Nilimrudishia mara mbili. Mara ya tatu ilifaa.

Kuhusu ng'ombe sijui la kukujibu. Nilisoma mstari ule nikaona haya, kwa kuwa jambo la kwanza nililofikiria ni mimi nitakwenda wapi, si wewe umechoka kiasi gani.

Wamebakia ndama kumi na wawili wasio na chapa kamili, na mwezi unakwisha. Usiwaguse. Mwombe bwana mifugo muda, mwonyeshe mguu wa mama kama ni lazima.

Cheche


Nyumbani, 30 Juni

Mwanangu,

Nimeambiwa nikae mguu juu ya stuli, basi nina nafasi ya kuandika. Dada yako anaacha barua zako juu ya kabati la vyombo, akidhani kwa kuwa siwezi kutembea siwezi kufika. Nimezisoma zote, hata nakala za anazokuandikia wewe, maana huandika mara mbili. Usimwambie.

Mguu unawasha, daktari anasema ni dalili nzuri. Kilichoniunguza ni kile chuma na ndala zangu. Mkimaliza kugawana lawama, hizo za ndala mniachie, ni zangu.

Sasa sikiliza. Ng'ombe hawa nimewachoka tangu wiki tuliyomzika baba yenu. Nilikuwa natazama nje asubuhi nawaona wamesimama wananitazama, nasema Mungu wangu, bado wapo. Niliwaweka kwa ajili ya dada yako, nikidhani ndio roho yake. Yeye kawaweka kwa ajili yangu. Wewe kule mjini umewaweka kama mto wa kulalia. Watu watatu, kila mmoja anamshikia mwenzake kamba, na hakuna aliyeuliza kwa nini mikono inauma.

Nimemwita bwana mifugo hapa hapa kwenye stuli yangu. Ushirika wa maziwa watawachukua wote isipokuwa wanne wa kukamua, tena wale wapole. Wanne wanaokaa nyuma ya nyumba hawaendi malisho ya pamoja, kwa hiyo hawahitaji chapa. Ila hao wanaoondoka lazima wapigwe chapa ya ushirika, wakubwa kwa wadogo, na kazi hiyo itafanyika kwenye kichochoro chetu. Watakuja watu wao wanne na vyuma vyao.

Njoo uvikague. Sikuiti kugonga, nakuita kutazama. Kutazama kunafanywa kwa macho, na macho yako daktari hajayasema.

Dada yako nimemwambia jana. Alikwenda nje akakaa muda. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akaniuliza nitakula nini. Nikajua amekubali.

Mama yako


Nyumbani, 8 Agosti

Mdogo wangu,

Natumaini umefika salama na yule dereva hakukuhadithia maisha yake yote. Umesahau kofia yako. Mama anaivaa.

Nataka nikuandikie siku ile kwa kuwa tulipoagana watu walikuwa wengi na sikusema. Nilipoona wale watu wa ushirika wanashusha vyuma vitatu vipya, na wewe unavipitisha kimoja kimoja karibu na jicho, nilidhani watakucheka. Mtu mwenyewe mkono mmoja mfukoni. Ulipokitenga kile cha tatu ukasema, "Hiki hakiingii motoni leo," mkubwa wao alikasirika, akasema kimetoka dukani juzi. Ukamwambia ashike kichwa na atikise. Kikalia, kichwa kimelegea kwenye mpini. Hakusema tena kitu siku nzima, isipokuwa "Moto!" kila alipopita, kwa sauti kubwa kuliko wote.

Nami nilikaa kwenye gogo. Ulinikataza kushika chuma, nikakasirika kidogo, kisha sikukasirika. Kila nilipotaka kusimama mama alinitazama kutoka kibarazani, na miguu yake ndani ya viatu vyangu vya mvua. Mlipomaliza mliviacha vyuma juu ya mawe, na tulikaa sote kuvisubiri. Nilikuwa sijui inachukua muda gani. Mtu wa ushirika alisimulia habari ya mkwe wake na punda, na sikumbuki mara ya mwisho nilipocheka mpaka nikashika mbavu karibu na zizi lile.

Walipowaondoa sikulia. Yule mweusi mwenye fujo aligoma langoni, ikabidi nimsukume mimi mwenyewe. Nilipomsukuma nilimwomba radhi, nikaona ni upuuzi, nikamwomba tena.

Mama sasa anatembea mpaka bandani. Kovu lina umbo la nusu ya alama yetu. Anasema yeye ndiye mali pekee iliyobaki na chapa, akipotea tujue pa kumrudisha. Mimi sijaweza kulicheka, lakini naona nitaweza.

Sijui nitafanya nini. Bwana mifugo kaniuliza, nikamwambia aniulize mwezi wa kumi. Kwa upande wako, nimefurahi kwa habari ya Fundi Mageti kukutengea upande wa meza. Pumzisha mkono, usijifanye umepona.

Leo asubuhi niliamka saa ile ile ninayoamka siku zote. Nikavaa sweta, nikavaa viatu, nikafunga kamba. Nilikuwa nimeshashika komeo la mlango ndipo nikakumbuka kwamba wanne wale wanaweza kungoja jua. Nikasimama pale. Ndani kimya, mama anakoroma polepole. Nikarudi nikakaa kitandani, nikafungua kamba za viatu, kimoja, kisha cha pili, nikajilaza juu ya shuka nikiwa na sweta langu.

Niliamka jua limefika ukutani.

Dada yako